Dole la Mzee Maige

Siku Shimba alipoanza kukojoa damu, baba yake alichinja mbuzi. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na katika kijiji chao cha ufukweni, upande wa Ilemela, hakuna aliyehitaji kuelezwa maana ya damu ile. Msichana ana yake na mvulana ana yake. Mvulana aliyechelewa kuipata, wenzake walimwambia aende jikoni akasonge ugali na dada zake. Mzee Maige alikunywa pombe ya mtama tangu asubuhi, akampa mwanawe fimbo ya kuchungia iliyokuwa ya babu yake, akamkalisha kwenye kigoda kati ya wanaume.

"Sasa tumepata mwanaume mwingine hapa nyumbani," alisema, na macho yake yakajaa machozi, kwa sababu yule wa kwanza alikuwa kaburini mwaka wa pili.

Wa kwanza alikuwa Malimi, kaka yake Shimba. Naye alichinjiwa mbuzi wake. Ila kwa wengine damu hutoka mwaka mmoja au miwili ikapungua, na ya Malimi haikupungua. Ilimfuata mpaka akaoa, mpaka mkewe akashika mimba. Alipofika miaka ishirini na miwili uso ulimvimba, miguu ikamvimba, kisha mkojo ukakata kabisa. Alikufa mwaka 1949, watu wakiwa shambani wanavuna pamba, akaacha mtoto wa miezi mitatu aliyeitwa Chenge.

Kifo cha kijana hakiachwi kipite hivi hivi. Aliitwa mfumu, yaani mganga wa kuagua, akapasua kuku akamchungulia ndani kwa muda mrefu. Alisema damu ya marehemu ilikuwa ikivutwa na mwanamke anayechota maji pale marehemu alipozoea kuoga. Vijana wote wa kijiji walioga kwenye lambo, lile bwawa la kunyweshea ng'ombe nyuma ya matete, kwa maana ziwani kulikuwa na mamba. Wazee wakamgeukia Shimba, aliyekuwa na miaka kumi na alikuwa haachani na kaka yake hata kwenye maji. Wakamuuliza ni nani huchota maji pale.

"Bibi Mhoja," alisema.

Ilikuwa kweli tupu. Bibi Mhoja alikuwa mjane jirani yao, mwenye macho mekundu kwa moshi wa kukaushia samaki. Kila akirudi lamboni na mtungi wake alimfungulia Shimba pindo la kaniki na kumpa matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa vikaanikwa mpaka vikawa vigumu. Kesho yake alfajiri nyumba yake iliwashwa moto. Walikuwa wanaume watano, Mzee Maige mbele, na mwanangwa, mkuu wa kijiji, nyuma yao. Bibi alipotoka kwenye moshi walimpokea kwa fimbo. Mwanangwa akapeleka habari kwa mtemi kwamba kikongwe mmoja ameungua akipika, na habari ikaishia hapo.

Msomaji asidhani wale walikuwa wanyama. Walikuwa wakulima wa pamba, watu wa kugawana chumvi, ambao ng'ombe akivunjika mguu wanakesha naye. Walichokuwa nacho asubuhi ile ni uhakika, na mtu mwenye uhakika ni wa kuogopwa kuliko mlevi.

Shimba alikua na jambo moja kichwani. Mfumu alifika Malimi akiwa amekwisha kuzikwa. Yeye alitaka kuwa mtu anayefika kabla.

Mwaka 1958 alikuwa darasa la kumi mjini Mwanza. Mwalimu wao, Bernadeta, mwanamke mfupi asiyependa mzaha, aliwagawia karatasi na kuwaambia waandike kazi tatu wanazozitaka, kwa mpango, ya kwanza, ya pili na ya tatu. Wengi waliandika ukarani, ualimu na ubwana shamba, kwa kupishanisha tu. Karatasi ya Shimba ilikuwa na neno moja mara tatu: dresa, dresa, dresa. Mwalimu alimwita mbele.

"Hii ni kejeli?"

"Hapana, Mwalimu."

"Na ukikosa hiyo kazi ya uganga wa hospitali utafanya nini? Utakula karatasi?"

"Nimeipangia, Mwalimu."

Alimwonyesha daftari lake. Alikuwa ameandika kila kitu: alama za hesabu na Kiingereza alizohitaji, mtihani wa mahojiano, miaka mitatu ya chuo, halafu ombi la kupangiwa ufukweni kwao, ambako zahanati ya karibu ilikuwa mwendo wa siku nzima kwa miguu. Alikuwa amechora mpaka jengo lenyewe, milango miwili, upande wa lamboni, kwenye kiwanja kilichokuwa wazi siku zote. Hakumweleza mwalimu kwa nini kiwanja kile kilikuwa wazi. Hakuna aliyethubutu kujenga alipokuwa akikaa Bibi Mhoja.

Mwalimu Bernadeta alilifungua na kulifunga lile daftari, akamrudishia. "Mzazi wako anaonaje?"

"Baba anataka niwe karani wa pamba. Anasema karani anakaa kwenye kiti karibu na mizani, na watu wanamwamkia."

"Basi mwambie na dresa ana kiti," alisema mwalimu, na tangu siku hiyo akawa anambakiza darasani kumfundisha Kiingereza.

Mkoa mzima walitakiwa wawili. Kwenye mtihani Shimba alishika namba ya pili. Aliyeshika ya tatu alikuwa mtoto wa mfanyabiashara wa mjini, na wote walijua kwamba namba mbili akiteleza, namba tatu yuko tayari amevaa viatu. Ilibaki kupimwa afya tu, na Shimba, aliyekuwa na mabega ya mtu wa jembe, alikwenda kupimwa huku akipiga mluzi.

Hospitalini alimkuta dresa wa siku nyingi aliyeitwa Salehe, Mwislamu wa mjini, mwenye kofia ya kufuma na mikono mikavu kwa kunawa dawa. Salehe aliuliza maswali yaliyoandikwa kwenye karatasi bila kuinua macho. Kifua? Hapana. Kifafa? Hapana. Umewahi kukojoa damu?

"Ndiyo, mzee," alisema Shimba, akajiweka sawa kwenye kiti. "Tangu nina miaka kumi na miwili." Alilisema kwa sauti ya mtu anayetaja shahada yake.

Salehe aliinua macho. "Na sasa?"

"Mara mojamoja. Nikifanya kazi ngumu."

Alipewa kichupa. Baada ya muda Salehe akamwita kwenye darubini, akamwambia afumbe jicho moja. Shimba aliona kitu mfano wa mbegu ya tikiti, chenye mwiba mdogo mkiani. Palikuwa na kingine pembeni yake, na kingine.

"Hayo ni mayai," alisema Salehe. "Mdudu mwenyewe yuko ndani yako, kwenye mishipa ya kibofu. Kichocho, ndilo jina lake. Anaingilia kwenye ngozi mtu akioga maji yaliyotuama yenye konokono. Ninyi watu wa vijijini mnaoga malambo, sivyo?"

"Lakini kwetu kila mvulana anapata."

"Kila mvulana anaoga lambo."

Shimba aliangalia tena. Kisha akauliza, na sauti yake haikuwa ile ya mwanzo, "Na asiyetibiwa?"

"Wengi hawafi. Wanateseka tu. Ila mmojammoja ugonjwa unampandia mpaka kwenye figo. Huyo utamwona anavimba uso, anavimba miguu, mwisho mkojo unakata."

Shimba alikwenda kukaa kwenye benchi la wagonjwa bila kuambiwa. Alimwona Malimi, uso umejaa kama unga uliokandwa. Halafu alimwona Bibi Mhoja akifungua pindo la kaniki, na huyu wa pili ndiye aliyekataa kuondoka. Alijisikia vibaya kuliko siku ya msiba wenyewe, kwa sababu siku ile alikuwa na mtu wa kumlaumu.

Salehe alidhani kijana anaogopa sindano. "Usiogope. Mficha maradhi kilio humfichua, na wewe hukuficha. Ni sindano kumi na mbili za mshipa, siku moja unachomwa siku moja unapumzika. Daktari amekubali. Ukianza wiki ijayo utawahi chuo Januari." Akampa fomu. Sindano zile zilikuwa kali, na wako waliosimama moyo dawa ikiwa bado mkononi, kwa hiyo kila aliye chini ya miaka ishirini na mmoja alitakiwa kuleta alama ya dole gumba la mzazi. Alipewa siku saba. Zikipita, nafasi inakwenda kwa namba tatu.

Njiani kurudi nyumbani, kati ya majabali ya Ilemela, Shimba alikuwa na muda wa kutosha kufikiri. Baba yake hakujua kusoma. Ingetosha kumwambia hii ni karatasi ya shule, weka dole hapa. Alilipanga hilo vizuri, kama alivyopanga mengine yote.

Alimkuta uani akichambua pamba, Chenge akiwa pembeni yake anawafukuza kuku. Yule mtoto wa Malimi alikuwa na miaka tisa sasa, na babu yake alikuwa hali mpaka yeye ale.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, ng'wanawane, mwanangu. Wamekuchukua?"

"Bado dole lako, baba."

Mzee Maige akapokea ile fomu, akaigeuzageuza. "Inasema nini?"

Lilikuwa swali la kawaida. Lakini Shimba, aliyewahi kusema kweli mbele ya wazee mara moja na mtu akafa, alishindwa kusema uongo. Alimwambia Chenge aende akaangalie ndama. Kisha akaeleza yote: mdudu, konokono, lambo, figo, kuvimba uso. Mzee alisikiliza akiendelea kuchambua pamba, mpaka vidole vikasimama vyenyewe.

"Nani kakwambia?"

"Niliyaona mayai yake, baba. Kwa jicho langu."

"Na mimi nilimwona kuku kwa jicho langu."

Shimba akaokota pamba, akaanza kuichambua.

"Kwa hiyo mbuzi wako nilimchinjia ugonjwa," alisema Mzee Maige taratibu.

"Ndiyo, baba."

"Na wa Malimi."

"Ndiyo."

Jambo la tatu halikutajwa. Mzee alinyanyuka, akaacha fomu juu ya lundo la pamba, akaenda zizini.

Siku ya pili alisema hana nafasi. Siku ya tatu alisema madaktari wa Kizungu wana maneno mengi. Siku ya nne Shimba alipiga magoti mbele yake, mtu mzima wa miaka kumi na tisa, akamwomba. Mzee Maige alimjibu polepole, bila hasira, na hilo ndilo lililomtisha mwanawe.

"Mimi nikilala, nalala kwa sababu yule mama alimuua mwanangu. Nilisikia fimbo yangu inavyomwingia. Nilisikia anavyoliita jina langu, ananiuliza, Maige, nimekukosea nini? Nikajua ni uchawi wake unaongea. Ukiniondolea hilo, Shimba, niambie, nitalala na nini?"

"Ni mimi niliyemtaja, baba."

"Ulikuwa mtoto."

"Mimi pia silali."

"Basi kaa usilale," alisema baba yake. "Wewe una miaka mingi ya kulizoea. Mimi ni mzee."

Siku ya sita, jua likiwa limepanda, Mzee Maige alimwita kwenye kaburi la Malimi. Alikuwa amekwangua masizi ya chungu na kuyachanganya na samli kwenye kigae. Fomu alikuwa nayo mkononi, imekunjwa vizuri.

"Nakupa kazi yako," alisema. "Maana nikikunyima utakufa kama huyu, nami sitaki kuzika mara mbili. Ila kazi hiyo usiilete hapa. Nenda kawatibu wa huko. Siku utakayoleta sindano katika kijiji hiki, au utakayotamka habari ya konokono mbele ya watu, utanikuta nimening'inia kwenye boriti ya zizi. Unanijua kama ninasema mchezo."

Shimba alimjua. Alitazama ng'ambo, kile kiwanja kitupu cha upande wa lamboni, ambacho alikuwa amekichorea milango miwili. Alijiambia kwamba hasira za wazee hupoa, na miaka mitatu ni mingi. Akaweka kiganja juu ya kaburi la kaka yake, akaapa.

Mzee Maige alichovya dole gumba kwenye masizi, akalikandamiza kwenye karatasi kwa nguvu, kama mtu anayeua kupe.

Sindano zilikuwa kama walivyomweleza. Dawa ikiingia tu kifua kilibana, anakohoa mpaka anatapika, na Salehe anamshikia kichwa. Alipona. Januari alipanda treni kwenda chuoni, safari ya siku mbili, na daftari lake akaliacha nyumbani chini ya kitanda.

Alikuwa mwanafunzi mzuri, tena wa kusifiwa. Kwenye darubini hakuwa na mpinzani. Wavulana walioletwa hospitali ya mafunzo na vichupa vyao alikuwa akiwapokea yeye, na wazazi walimpenda kwa kuwa aliwaeleza bila kuwacheka. Hakurudi nyumbani hata likizo moja. Aliandika barua za salamu, mvua na afya, kwa maana alijua zinavyosomwa. Kijiji kizima kilikuwa na msomaji mmoja, Tereza binti wa katekista, naye alisoma barua uani, kwa sauti, watu wamezunguka, na kila neno lilikuwa la wote.

Oktoba 1961, wenzake wakiongea habari za Uhuru tu, ilimfikia barua kwa mwandiko wa Tereza.

"Kwa mwanangu Shimba. Sisi hatujambo. Mvua za kwanza zimenyesha. Habari kubwa ni kwamba Chenge wa Malimi amekuwa mwanaume mwezi uliopita. Nimechinja mbuzi, watu wamekula wamesaza. Damu yake ni nyingi kama ya baba yake. Anakusalimu, anasema akimaliza shule atakuwa dresa kama wewe, ameliokota daftari lako na halitoi mkononi. Mimi baba yako, Maige."

Aliisoma amesimama mlangoni pa maabara. Kisha akaketi akaandika: Mpelekeni Mwanza hospitali haraka, huo ni ugonjwa. Alipofika hapo akamsikia Tereza akiyasoma maneno yale uani, akasikia na kimya kitakachofuata, na mtu mmoja katika kimya kile akiuliza kumbe Malimi alikufa kwa nini. Akaiona na boriti. Akaichana ile barua.

Akaandika ya pili, ya hila. Aliomba Chenge aje kumtembelea, apande treni, auone mji. Nauli aliiweka ndani ya bahasha.

Jibu lilifika wiki ya Uhuru. Nauli ilikuwa imerudishwa, na maneno yalikuwa machache: Chenge haji. Wewe uliapa.

Siku hiyo hiyo waligawiwa fomu za vituo vya kazi. Mhitimu aliruhusiwa kutaja vituo vitatu anavyovipenda, kwa mpango, cha kwanza, cha pili na cha tatu. Nje wagonjwa wenyewe walikuwa wakiimba. Shimba alikaa na fomu ile mpaka nyimbo zikaisha. Alijua anachotakiwa kuandika. Alikuwa amekijua tangu ana miaka kumi. Alijua pia kwamba si kila mwenye kichocho hufa, wengi huteseka tu, na alilishika hilo neno "wengi" kwa mikono miwili, yeye aliyesomea hesabu ya wale wachache. Na ndani kabisa, mahali ambapo hakupenda kuchungulia, alijua kwamba si boriti ya zizi peke yake. Akirudi na kusema kweli, kijiji kizima kitauliza ni nani aliyelitaja jina la Bibi Mhoja.

Aliandika Lindi, Tunduru, Songea.

Halafu akachukua karatasi nyingine, akaandika kwa mwandiko mkubwa ili Tereza asipate taabu. "Kwa mwanangu Chenge. Nimepata habari zako na nimefurahi sana. Hongera. Sasa umekuwa mwanaume. Jitahidi na shule. Mimi baba yako mdogo, Shimba, dresa."

Alilamba bahasha, akaifunga. Ingesomwa uani, mbele ya watu wote, na wanawake wangepiga vigelegele.